Kalamu Moja Kati ya Mia Tatu

Hapa Kibondo hakuna anayeniita kwa jina. Wananiita kwa cheo. Nikipita sokoni, akina mama wanaouza maharage wanaacha kubishana, na mmoja anatangulia kuniamkia shikamoo, mtu mwenye umri wa mama yangu mzazi. Nikiuliza bei naambiwa, "Wewe chukua tu, mheshimiwa." Mwingine angefurahi. Mimi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, na anayenipa maharage ya bure leo anaweza kusimama mbele yangu wiki ijayo akidaiwa mbuzi. Kwa hiyo nabishana ili nilipe, muuzaji anaona namdharau, na wote wawili tunaachana tumenuna.

Nimetoka Same, na huu ni mwaka wangu wa nne huku. Nikialikwa harusi naenda, nakaa meza ya mbele, sili, naondoka mapema, kwa sababu baba wa bwana harusi ana kesi. Kama si baba, basi ni mjomba. Kanisani benchi langu lina nafasi ya watu watatu, na waumini wanajibana mabenchi ya nyuma mpaka watoto wanalia. Wanaona ni heshima, na ni heshima kweli, siwalaumu. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nimeshindaje. Nilikuwa mpweke, nasema wazi, na upweke ulinifanya mkali kuliko nilivyozaliwa.

Kalamu zilianza kama dawa ya mkono. Kompyuta tunazo, ila mtandao ukikatika hakimu anashika karatasi, na shahidi wa huku ukimuuliza habari za mbuzi aliyepotea juzi anaanza na babu yake alivyohama kutoka Munanila. Yote hayo nayaandika. Peni ya kawaida inataka uikandamize, na ikifika jioni vidole vinashindwa kufunga kifungo cha gauni. Mwenzangu niliyesoma naye chuo akaniletea kalamu ya kujaza wino, ile yenye ncha ya chuma inayonyonya wino kwenye kichupa. Hiyo huikandamizi. Unaigusisha karatasi, inakwenda. Nilipoizoea nikanunua ya pili, halafu ya tatu, kisha nikajiunga na kundi la kwenye simu la watu wenye ugonjwa huo huo. Wengi wao walikuwa wa Nairobi na Dar es Salaam. Walizipiga picha kalamu zao juu ya vitambaa vya mezani na kubishana usiku na mchana kama zile za toleo maalumu, zinazotengenezwa chache na kupigwa namba, zinastahili bei yake.

Siku moja mtu akaweka picha ya kalamu ya bei rahisi, ya kijani, kifuniko kimepasuka na kufungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Pembeni yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko mzuri ajabu: "Hii inaandika tangu asubuhi. Ukungu wa Kasulu bado haujaondoka." Niliisoma mara mbili. Kasulu kutoka kwangu ni safari ya asubuhi moja tu kwa basi. Nikamwandikia pembeni, nje ya kundi.

Alijiita Cadet. Alieleza kwamba ni jina la nyumbani, padri aliyembatiza alimbandika kwa Kifaransa kwa sababu ni kitinda mimba, na Kasulu nzima inamjua kwa hilo. Alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la misaada katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kazini alisaini hati za mizigo zenye nakala nne na kaboni katikati, na kaboni haielewani na kalamu ya kujaza wino, kwa hiyo mchana kutwa alikandamiza peni na kalamu yake ikangoja mfukoni. Mimi nikajiita Heri, kifupi cha Herieth. Kazi yangu hakuuliza, nami sikusema. Tulikubaliana tusipigiane simu wala kutumiana picha za sura. Watu wa kalamu tuandikiane kwa kalamu, alisema, na bahasha ziende na basi. Wakala wa basi wa Kibondo alinijua vizuri, ila hakuthubutu kuniuliza chochote. Kwa mara ya kwanza nilifaidi kuogopwa.

Kila barua yake ilianza hivi: "Heri, mwakeye." Ndiyo salamu ya Kiha ya asubuhi. Mara nyingine aliongeza, "hata kama unaisoma jioni." Nilikuwa nikisoma hayo maneno mawili kwanza, nakunja barua, napika, nakula, ndipo nairudia yote. Aliniandikia habari za mvua iliyonyesha kabla ya wakati, za mkuu wake wa kazi anayehesabu magunia kwa kidole, za jirani aliyenunua redio na kuulazimisha mtaa mzima kusikiliza mpira. Hakuna hata kitu kimoja cha maana. Mimi kazi yangu ni kusikiliza mambo ya maana ya watu kutwa nzima, na nilizipenda barua zile kuliko ninavyoweza kueleza.

Mara moja nilikwenda Kasulu kwenye kikao cha kazi. Wenzangu walipokwenda kula, mimi nilizunguka mjini peke yangu nikichungulia mifuko ya mashati ya wanaume. Hakimu mzima. Nilikuwa natafuta waya wa shaba. Mzee mmoja muuza viatu vya mitumba akaniuliza kama nimeibiwa, nikamwambia hapana, nikanunua viatu ambavyo havikunienea. Ningeweza kumtumia ujumbe tu kwamba niko mjini. Sikutuma, kwa sababu nilikuwa na jambo moja nililoliogopa: atakapojua mimi ni nani, atanyanyuka kwenye kiti na kusema "mheshimiwa", na baada ya hapo sitakuwa na mtu wa kuniita Heri.

Kisha nikanunua ile kalamu. Imetengenezwa Japani, imepakwa rangi nyekundu ya udongo tabaka juu ya tabaka, na ndege wawili weupe wamechorwa kwa mkono kuzunguka mwili wake. Kwenye pete ya kifuniko pamechongwa namba: 114/300. Bei yake ilikuwa ng'ombe wawili wa maziwa niliokuwa nimemwekea mama akiba, na mama akaambiwa asubiri. Nilimpelekea Cadet picha nikidhani atanipongeza.

"Heri, mwakeye," aliandika. "Nimesoma habari zake. Ncha ni ileile wanayoweka kwenye kalamu zao za kawaida. Njia ya wino ni ileile. Hapo umelipia ndege wawili na namba. Kuna mama Mkongomani hapa kambini, Apoline, anauza sabuni na viberiti. Nilimwonyesha picha nikamtajia bei. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, 'Iyo stilo inapikaka na bugali?'"

Nilimjibu kurasa mbili kwa hasira. Nilimwambia kwamba kalamu ikitoka kiwandani kwa maelfu, hakuna aliyeitazama hata moja. Hii kuna mtu alikaa nayo akichora unyoya mmoja mmoja, akaipa namba ili isichanganywe na nyingine. Nilimwambia nimelipia kitu ambacho mtu mmoja alikitazama kwa muda mrefu na kukipa nafasi yake.

Jibu lake lilikuwa mistari miwili. "Basi hujalipia kalamu, Heri. Umelipia mtu wa kukutazama."

Sikumwandikia kwa siku kadhaa. Alikuwa amepatia, na mimi sipendi kusomwa hivyo. Nadhani aliogopa ameniudhi, kwa sababu barua iliyofuata ilikuja kabla sijajibu.

"Heri, mwakeye. Alhamisi nitakuwa Kibondo. Asubuhi nina jambo la familia, halitachukua muda. Mchana tukutane kwa Asia, pale karibu na stendi, tule samaki wa mgebuka. Mimi nitavaa koti la kahawia. Uje na hiyo namba yako niishike mwenyewe. Nikiandika nayo mstari mmoja tu nitakuambia kama inastahili bei yake, na kama nilikosea nitakiri mbele za watu."

Nilikubali. Nilijiambia kwamba nitamweleza kazi yangu tukiwa tumeshaanza kula, mdomo wake ukiwa na samaki, asiweze kunyanyuka. Nilitaka mtu mmoja aniite jina langu uso kwa uso. Sikutaka kingine.

Alhamisi nilivaa gauni la bluu ambalo lilikuwa halijatoka kabatini tangu nihamie. Kalamu ile nilikuwa siendi nayo kazini hata siku moja, ila siku hiyo niliibeba, kwa sababu kutoka mahakamani ningekwenda moja kwa moja kwa Asia. Karani wangu, Longinus, akasema, "Mheshimiwa leo umependeza," halafu akaogopa na kuanza kupanga majalada ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Mtandao ulikuwa umekatika tangu kulipopambazuka. Kalamu niliyoizoea ilikuwa imebaki nyumbani, kwa hiyo nikatoa ile ya ndege wawili nikaiweka mezani.

Shauri la kwanza lilikuwa la mirathi. Mwombaji, Bazilio Ntirampeba, mdogo wa marehemu, aliteuliwa na kikao cha ukoo asimamie mali. Mpingaji ni mjane, Vestina, anayesema kikao kilikaa bila yeye kuitwa na kwamba nyumba wanayoitaka aliijenga kwa jasho lake. Jalada nilikuwa nimelisoma jana yake. Jina halikuniambia kitu.

Longinus aliita majina. Vestina akakaa mbele upande wa kushoto, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi. Mwombaji akapanda mahali pa kutolea ushahidi, mtu mwembamba, koti limempwaya. Mawazo yangu yalikuwa kwenye mgebuka, koti sikulitazama. Akashika Biblia akaapa. Longinus akamsogezea karatasi ya kiapo na peni.

"Nina yangu," alisema kwa upole.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kalamu ya kijani, kifuniko kimefungwa waya wa shaba.

Nilifurahi. Kabla sijakumbuka mimi ni nani na nimekaa wapi, nilifurahi kwa moyo wote, kama mtoto aliyemwona mama yake mlangoni. Ndiye yeye, ana kichogo kidogo na mvi mbili tatu, na anaandika akiwa amekunja kidole cha mwisho. Aliandika herufi zake polepole, akapuliza wino ukauke, akainua kichwa ili arudishe karatasi. Macho yake yakatua kwenye meza yangu, kwenye ndege wawili. Yakakaa hapo. Halafu yakapanda usoni kwangu, na akaanza kutabasamu. Niliona midomo yake ikifunguka kutamka jina langu.

Kisha akatazama ngao ya taifa ukutani juu yangu. Akamtazama askari mlangoni, akamtazama Vestina. Tabasamu likaondoka. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Mheshimiwa," alisema.

Ningeweza kunyamaza. Ningeahirisha shauri kwa sababu ya mtandao, jambo la kila wiki, hakuna ambaye angeshangaa. Mchana tungekula samaki, tungecheka, na siku nyingine ningelisikiliza shauri lake kwa haki, maana najijua, ningejitahidi kuwa na haki. Lakini Vestina alikuwa ananitazama. Nyumba ile ndiyo yote aliyobakiwa nayo, na alikuwa ameketi akiamini kwamba mtu aliyekaa juu pale hamjui yeye wala hamjui shemeji yake.

"Kabla hatujaendelea," nikasema, "mahakama ina jambo la kueleza. Mwombaji namfahamu. Tumekuwa tukiandikiana kwa zaidi ya mwaka. Ni rafiki yangu. Kwa hiyo najitoa, na shauri hili litapangiwa hakimu mwingine."

Ni rafiki yangu. Neno hilo sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu nifike Kibondo, na lilitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia. Longinus aliacha kupanga karatasi. Vestina alitikisa kichwa taratibu.

"Ego," alisema, ndiyo ya Kiha, si kwangu wala kwa mtu yeyote. "Nilijua. Wameshaongea."

Hapo mwombaji akajibu haraka, kabla sijamuuliza.

"Oya, hapana, mheshimiwa. Naomba radhi. Mimi simfahamu mheshimiwa. Sijawahi kumwona hata siku moja. Labda mheshimiwa ananifananisha na mtu mwingine."

Alikuwa chini ya kiapo, na sehemu ya maneno yale ilikuwa kweli tupu. Hakuwahi kuniona. Watu wa huku wakisimama mahakamani wanaamini kwamba kumjua hakimu ni kosa, na kosa mtu hulikana upesi kabla halijamganda. Huenda alimsikia mjane akaona nitaharibikiwa kazi, akataka kuniokoa. Huenda aliitaka nyumba ya kaka yake. Huenda aliogopa tu. Nilimtazama nione ni lipi, naye alikuwa anatazama sakafu.

"Kama hamjuani basi endelea na kesi, mheshimiwa," Vestina akasema. "Mimi wa kurudi huku mara ya pili nauli nitaitoa wapi?"

Nilimjibu kwamba nimeshajitoa na hilo halibadiliki. Hakimu akisema anamfahamu mtu, sheria haimngojei mtu huyo akubali. Sauti yangu ilitoka kali, na Vestina hakustahili ukali ule, lakini sikuwa na nyingine.

Kilichosemwa baada ya kiapo lazima kiandikwe, kisomwe kwa aliyesema, naye asaini. Ndiyo kazi yangu. Nikafungua kalamu, nikaandika. Wale wanaobishana kule kwenye kundi kama kalamu ya toleo maalumu inaandika vizuri kuliko nyingine, naweza kuwajibu sasa. Inaandika vizuri sana. Haikukwaruza, haikukwama, wala haikuacha doa hata kwenye neno "simfahamu".

"Nakusomea," nikamwambia. "'Simfahamu mheshimiwa hakimu. Sijawahi kumwona hata siku moja. Labda ananifananisha na mtu mwingine.' Ndivyo ulivyosema?"

Nilimpa nafasi. Nilimpa nafasi ndefu kuliko ninayowapa mashahidi wengine, mpaka Longinus akakohoa.

"Ndivyo, mheshimiwa."

Nikageuza karatasi ili asaini. Mwandiko ulikuwa ule ule uliokuwa ukimfikia Kasulu ndani ya bahasha, na wino ule ule. Aliutazama kwa muda. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukasita pale kwenye waya, halafu ukarudi na kuchukua peni ya karani juu ya meza. Akainama, akakandamiza kwa nguvu kama mtu anayesaini nakala nne, akaandika jina lake kamili, jina ambalo kwa mwaka mzima hakuwahi kuniandikia. Peni akamrudishia Longinus kwa mikono miwili.

"Asante, mheshimiwa," alisema, akabaki amesimama palepale, kichwa chini, akingoja nimruhusu kuondoka.

Nikamruhusu.